Vyumba Tisa vya Sylvance Odera

Nyumbani kwako ni wapi? Usinitajie mtaa unakolipa kodi. Nauliza nyumbani, mahali ambapo ukifa leo watu watajua gari lielekee upande gani bila kumpigia mtu simu.

Nilipomuuliza Sylvance Odera swali hilo, alifikiri kidogo, kisha akaelekeza kidevu kwenye runinga. "Hapo," akasema.

Alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki katika chumba chetu cha gemu, Shauri Moyo. Chumba ni cha Ndirangu, niliyesoma naye chuoni. Yeye alinunua mashine nne na runinga nne, na mimi hukaa mlangoni Jumamosi na Jumapili. Runinga tatu ni za mpira. Vijana huja, hutukanana, hushinda, hushindwa, huondoka. Ya nne, iliyo kando ya dirisha, ilikuwa ya Odera, ingawa hakuna aliyewahi kutangaza hivyo.

Odera ana miaka arobaini na saba. Kazi yake ni kutengeneza masanduku ya bati, yale ambayo wanafunzi huenda nayo shule za bweni. Kibanda chake kiko upande wa Gikomba, katikati ya mafundi wengine wa chuma. Huchora bati kwa ncha ya msumari, hulikata kwa mkasi mkubwa, huzikunja kingo juu ya kipande cha reli, kisha huzigonga mpaka zilale. Pembe zake hazimkati mtoto mkono. Ndiyo sababu akina mama huvuka mafundi watano kumfikia yeye. Mtu akikaa Shauri Moyo miaka mingi hasikii tena nyundo zikilia. Husikia tu zinaponyamaza, saa saba mchana Jumamosi. Dakika chache baadaye Odera angeingia kwetu, mikono imeoshwa, akaketi.

Gemu yake ni ya mapanga, uchawi na majoka. Mchezaji anaanza akiwa mtu asiye na kitu, anazunguka milima na misitu, anaua majoka, anaokoa miji, na mwishowe anakalia kiti cha mfalme. Katikati ya hayo yote anapewa kiwanja kando ya ziwa, kama zawadi. Wengi hujenga chumba kimoja cha kuwekea silaha zao, wakaenda zao. Odera alifika kwenye kiwanja kile na hakuondoka.

Alikata miti. Alichimba udongo na mawe. Alifua chuma akapata misumari. Alijenga sebule, kisha jikoni, kisha ghala la nafaka. Alipogundua kwamba nyumba inaweza kuongezwa ubavuni, aliongeza ubavuni. Alipogundua inaweza kuongezwa nyuma, aliongeza nyuma. Mwaka ulipoisha nyumba ilikuwa na vyumba tisa, na ufalme wa watu ulikuwa unaungua kila upande.

"Mzee, joka hilo linakuja," vijana wa mpira walimwambia siku moja, wakiwa wamesimamisha mechi yao ili wamtazame.

"Nimeliona."

"Litakuchoma! Chomoa upanga!"

"Upanga niliubadilisha na misumari."

Walicheka mpaka mmoja akaanguka kutoka kwenye benchi. Odera alimwongoza mtu wake nyuma ya rundo la mbao, akamchuchumaza hapo. Joka lilizunguka, likapuliza moto, likachoka, likaenda. Odera akainuka na kuendelea kupiga randa.

Ilinichukua miezi kuona jambo moja: mtu wake hakuwahi kulala ndani. Jua la gemu lilipozama, alimwongoza nje, akakoka moto kando ya ziwa na kumlaza chini. Nyumba ilibaki nyuma yake, milango imefungwa.

"Mzee Odera, una vitanda vitatu humo."

"Vinne."

"Na unalala nje?"

"Haijaisha."

"Itaisha lini?"

"Mtu haingii nyumba mpya peke yake," alisema, na kwa sauti yake ungedhani ananieleza upande wa kuwashia runinga.

Kila mtu mtaani alijua kwamba mke wake, Adongo, alikuwa amefariki miaka miwili kabla ya hapo. Alikuwa mpishi katika kantini ya ofisi moja mjini. Aliugua mwezi mmoja tu. Hawakuwa wamejaliwa mtoto. Odera alisafiri na mwili hadi kwao Siaya, akarudi siku ya nne baada ya mazishi, na siku ya tano tulisikia nyundo yake. Watu walipokwenda kumpa pole aliwapokea vizuri. Aliwakaribisha, akawapikia chai mwenyewe, akawaambia, "Asanteni. Ni sawa." Hakulia mbele ya mtu, na sidhani alikuwa anajikaza. Alikuwa kama mkono uliolaliwa usiku kucha: uko pale, unauona, lakini ukiubana hausemi kitu.

Mimi ni mtu wa hasira za haraka, na nilitaka akasirike pamoja nami. Nyumba za mtaa wetu zilijengwa wakati wa mkoloni, chumba kimoja kimoja, kwa wanaume walioitwa mjini kufanya kazi na kutarajiwa kurudi kwao wakichakaa. Wajukuu wa wanaume hao bado wamo ndani. Pazia linakata chumba katikati: huku wazazi, huku watoto, na mtungi wa gesi mlangoni. Nimesema haya kwenye vikao, nimeyaandika kwenye barua, nimeyapigia kelele mbele ya watu waliokuwa wakitazama simu zao. Kwangu mimi, mtu kuwa na pahali pa kulala akinyooka na kufa kwa heshima si zawadi anayogawiwa na mkubwa yeyote. Nilimwambia Odera hivyo mara nyingi. Nilimwambia kwamba mtu mwenye mikono kama yake, kuhangaika na vyumba vya kwenye kioo, ni matusi kwetu sote.

"Unaongea vizuri, Thuo," alinijibu, macho kwenye runinga. "Ungekuwa mhubiri."

Kisha akaongeza dirisha.

*

Jumamosi moja mwezi wa pili, alasiri, mwanamume mrefu mwenye mkoba wa begani alisimama mlangoni na kuuliza kama hapa ndipo Odera anapocheza. Alifanana naye kiasi kwamba sikuhitaji kuambiwa. Alikuwa Dishon, mdogo wake wa tumbo moja, aliyebaki kwao Siaya na kufundisha shule ya msingi.

"Omera," Dishon alisema, akimwita ndugu kwa Kijaluo.

"Umefika," Odera alisema. Alisogeza kiti kwa mguu ili mdogo wake aketi. Hakusimamisha gemu.

Dishon alitazama runinga kwa muda. "Hii ni nini?"

"Nyumba."

"Ya nani?"

"Yangu."

Dishon aliweka mkoba sakafuni. "Nimekuja kukuchukua. Fundi amekubali kuanza Jumatano. Mchanga umefika, matofali yamekauka, mvua za mwezi wa tatu haziko mbali. Tunaondoka kesho."

"Sawa."

"Sawa unakuja, ama sawa umesikia?"

"Nimesikia."

Vijana wa mpira waliguna kwa kicheko. Dishon hakucheka. Alinigeukia mimi, kwa kuwa nilikuwa karibu na nilikuwa nasikiliza bila aibu, akanieleza kama mtu anayeshtaki mbele ya chifu. Kwao, alisema, mdogo hamruki mkubwa katika kujenga. Mkubwa akishajenga na kulala humo, hata kama ni chumba kimoja cha udongo, mdogo anakuwa huru. Asipojenga, mdogo anangoja. Yeye alikuwa amengoja. Alikuwa na mke, Eve, na watoto wanne, katika kibanda alichojengewa akiwa kijana wa kumaliza shule, na nyasi za paa zilikuwa zimeoza.

"Mvua iliyopita tulilala chini ya meza," alisema. "Mwalimu mzima. Wanafunzi wangu wananicheka."

"Na ukijenga tu?" nikamuuliza. "Nani atakukamata?"

"Hakuna wa kunikamata. Ila mama yangu hatakanyaga humo. Na mtoto akipata hata mafua, wataniangalia mimi." Alimtazama kaka yake. "Simuombi jumba. Chumba kimoja cha mabati. Alale usiku mmoja, arudi kwa masanduku yake."

"Nitaenda," alisema Odera.

"Lini?"

"Nikimaliza huku."

Wakati huo alikuwa akijenga ghala la pili, upande wa mashariki. Alikuwa amelianza saa nane.

Haikupita muda Maingi akachungulia dirishani. Huyu ni fundi wa milango na madirisha ya chuma, kibanda chake kimepakana na cha Odera. Alisema kuna mama amekuja na sanduku ambalo bawaba yake imeng'oka, mtoto anasafiri kesho, na mama hataki fundi mwingine. Odera aliweka padi ya kuchezea juu ya kiti chake na kutoka.

Sasa naingia mimi, na sijivunii. Dishon alikuwa amekaa pale, mikono katikati ya magoti, akitazama ile nyumba ya vyumba tisa kama mtu anayetazama chakula kupitia dirisha la hoteli. Nilikuwa na hasira kwa niaba yake. Nilichukua ile padi nikamwekea mkononi.

"Jenga wewe basi," nilimwambia. "Hapo kando kuna kiwanja kitupu. Hiki cha kutembea, hiki cha kuchagua."

"Wapi? Hapa?"

"Mbele kidogo. Bonyeza."

Nguzo ya kwanza ilisimama. Dishon alitoa sauti ndogo kooni. Mbao na mawe yalikuwa tele kwenye stoo ya kaka yake. Hakuhitaji kukata chochote. Vijana waliacha mpira wao, wakamzunguka.

"Mwalimu, weka mlango!"

"Weka paa kwanza, mvua itakuja!"

"Dakika tatu!" Dishon alisema, akicheka kwa mara ya kwanza. "Mimi nimengoja miaka miwili, kumbe ni dakika tatu!"

Ilikuwa nyumba ndogo ya chumba kimoja, mlango umetazama ziwa. Ndani kulikuwa na kitanda. Kijana mmoja akamwambia, "Lala, mwalimu, uone ikipambazuka." Mimi ndiye niliyemwonyesha cha kubonyeza. Runinga ikawa nyeusi kidogo, kisha jua la gemu likachomoza, na mtu wa Odera akaamka ndani ya nyumba ya Dishon.

"Nani amejenga hapo?"

Odera alikuwa mlangoni. Sijui alikuwa amesimama hapo kwa muda gani.

"Ni mimi," alisema Dishon, bado akitabasamu.

"Toa."

"Omera, ni gemu."

"Nimesema toa! Utajengaje mbele yangu? Umelala humo?"

Sikuwa nimewahi kumsikia akipaza sauti. Hata vijana walirudi kwenye benchi lao.

"Umelala humo ndani, Dishon?"

"Nimelala."

Dishon alisimama polepole. Tabasamu lilikuwa limeondoka.

"Kumbe unajua," alisema. "Nilidhani umesahau. Nilimwambia mama, huyu mtu mji umemsahaulisha, tumsamehe. Kumbe unajua yote. Ya kwenye runinga yanakuuma. Eve akilala chini ya meza na mtoto mchanga, hiyo haikuumi."

"Thuo," Odera aliniambia bila kumtazama mdogo wake. "Inatolewaje?"

"Haitolewi, mzee. Labda urudi pale ulipohifadhi mara ya mwisho. Lakini utapoteza ghala."

"Rudisha."

"Ni kazi ya alasiri nzima."

"Rudisha tu."

Nilirudisha. Nyumba ndogo ikatoweka na ghala likatoweka, mbao zikarudi kuwa miti. Mtu wake alikuwa amelala nje, kando ya moto, kama ilivyokuwa saa nane. Odera aliketi. Alichukua padi, lakini hakubonyeza kitu.

"Misumari walipiga nusu," alisema.

Hakuna aliyeelewa, isipokuwa Dishon. Nilimwona akiinamisha kichwa.

"Sikuwa na nyumba kule," Odera aliendelea. Alikuwa akizungumza na runinga, kwa ile sauti yake ya siku zote. "Na mke wa mtu hawezi kulazwa nje kama mgeni. Basi wazee wakasema tumjengee. Walisimamisha nguzo asubuhi, saa kumi jioni kukawa na chumba. Mabati yalikuwa ya kanisa, ya kuezekea darasa la watoto. Wakasema tusiyaharibu. Kwa hiyo kila msumari waliupiga nusu, ili kung'oa kuwe rahisi. Mimi ni fundi wa bati. Nilikaa humo na jeneza usiku ule, upepo ukipita mabati yanainuka, na ninaona misumari yote. Ningeweza kuipigilia. Nyundo ilikuwa hapo mlangoni. Nikaona, ah, si yangu."

Alipangusa padi kwa kidole gumba.

"Wiki ile ile wakaja kuyachukua."

"Walikuja siku ya tano," alisema Dishon kwa upole. "Wewe ulikuwa umeondoka. Mimi ndiye niliyeng'oa."

"Misumari ilitoka kwa urahisi?"

"Kwa urahisi."

Odera alitikisa kichwa, kama fundi anayeelezwa jinsi kazi ya fundi mwingine ilivyodumu. Aliweka padi juu ya kiti. Saa aliyolipia ilikuwa bado haijaisha. Alitoka nje bila kuaga, na Dishon akabeba mkoba wake akamfuata.

Nilibaki na maneno yangu yote. Kwa miaka miwili nilikuwa nimemhubiria mtu yule ajenge. Hakuna hata neno moja kati ya hayo lililokuwa na kazi pale.

Mmoja wa vijana aliniuliza kama anaweza kukaa runinga ya dirishani. Nikamwambia ngoja kwanza.

*

Asubuhi ya pili yake ilikuwa Jumapili. Manyunyu yalikuwa yakianguka na barabara ya kwetu ilikuwa tope. Nilikuwa nimekwenda kufungua chumba cha gemu nilipowaona wakitoka upande wa vibanda vya mafundi, ambako Jumapili huwa hakuna mtu.

Walikuwa wamebeba mlango wa chuma, mpya, umepakwa rangi nyekundu ya kuzuia kutu, na fremu yake. Odera alikuwa mbele, Dishon nyuma. Maingi alifuata akiwa na gunia la misumari begani, akilalamika kwamba amefungulishwa karakana kabla ya misa na watu wasiojua Mungu. Odera alikuwa amevaa koti lake la mazishi na viatu vya kazi. Uso wake ulikuwa ule ule. Kama kuna kitu kilikuwa kimebadilika ndani yake, hakikuwa kimefika usoni.

"Mnaenda?" nikauliza.

"Basi ni la saa tatu," alisema Dishon.

"Shika vizuri huko nyuma," alisema Odera.

Penye kona, kibanda cha Jecinta, mama anayeuza mandazi, kimeukaribia ukuta mno, na mlango haukupita ukiwa umelala. Wakaushusha. Wakausimamisha wima katikati ya barabara ili wapumzike, kila mmoja ameushikilia upande mmoja, na watu waliokuwa wakienda kanisani wakawa wanauzunguka wakishika nguo zao zisiguse rangi.

Jecinta alikuja na beseni lake kichwani, akasimama mbele ya mlango ule. Ni mtu wa mzaha. Aliukunja mkono, akagonga bati mara tatu.

"Hodi wenyewe!"

Dishon alicheka. Maingi alicheka. Odera alikuwa upande wa pili, nyuma ya mlango, mimi ndiye niliyeweza kumwona. Hakucheka. Alikaa kimya kiasi cha kumfanya Jecinta achungulie kando kuona kama amemuudhi mtu.

"Karibu," alisema Odera.

Kisha akamwambia mdogo wake ainue, wakaupitisha ukiwa wima, wakaenda.